Bibi Kabula na Nyota Yenye Mkia

Utotoni nililelewa na bibi yangu mzaa baba, Bibi Kabula, katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kisesa, na mpaka leo mtu akikisifu kijiji kile mbele yangu huwa nanyanyuka nikaenda kutafuta maji ya kunywa. Sina kiu. Nanyanyuka ili nisimjibu vibaya. Watu husema hasira ya utotoni humwisha mtu akishapata watoto wake. Mimi nimeshanyonyesha watatu, na hasira yangu ipo pale pale.

Nilikuwa darasa la sita mwaka ninaousimulia. Baba alikuwa akikata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha samaki Mwanza mjini, kati ya vile vilivyoota ufukweni biashara ilipofunguliwa kwa kila mwenye fedha. Mama alikuwa akiuza mitumba. Chumba chao kilikuwa kimoja na wadogo zangu walikuwa wawili, kwa hiyo mimi nilikuwa nimepelekwa kwa Bibi tangu nikiwa mdogo, nimsaidie kuchota maji na kufunga ndama. Bibi alinipokea kwa utani. Aliniita mke mwenzake, akasema afadhali marehemu babu amemletea msaidizi.

Kwetu nyota haihesabiwi. Ukiihesabu unaota chunjua. Haionyeshwi kwa kidole pia. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, unanyoosha kidevu. Na nyota yenye mkia ndiyo haitajwi kabisa, maana ikionekana mtemi hufa, au njaa huingia, au vyote viwili hufuatana. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma, na Bibi mwenyewe aliyashika. Alinyoosha kidevu kama watu wote.

Lakini anga aliijua. Alikuwa mjane mrefu, mkulima wa pamba na mtama, mwenye macho mekundu kwa moshi, kwa sababu kuni kwetu ziliisha zamani na tulipikia mabua ya pamba na samadi kavu. Macho ya namna hiyo, Usukumani kwa miaka ile, yalikuwa hatari kuliko ugonjwa. Wanawake wazee walikatwa mapanga kwa sababu ya rangi ya macho yao, na waliowakata walikuwa wamelelewa kwa uji uliopikwa kwenye moshi ule ule. Niishie hapo kwanza, maana nikiendelea sitafika ninakokwenda.

Kila mwaka mwezi wa kumi na moja ulipoingia, Bibi alisimama jioni nyuma ya zizi, jua likizama mgongoni kwake, akitazama mashariki katikati ya nguzo mbili za lango. Alikuwa akikisubiri Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Kwanza kilichomoza usiku sana, halafu kila siku mapema kidogo. Jioni kilipochomoza kati ya nguzo zile wakati giza ndiyo kwanza linashika, alisema, "Kesho jembe." Jirani aliyemsikia alimwambia jirani, na kesho yake kijiji kizima kilikuwa shambani. Hakuna aliyemlipa, wala yeye hakudai. Mama yake alisimama pale pale kabla yake, kwa nguzo nyingine.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Kaijage, aliyetufundisha jiografia. Alitoka Kagera, Mhaya wa Kilutheri, shati limepigwa pasi hata siku ya kulima shamba la shule. Nitamsema sana hapa, kwa hiyo niseme na mazuri yake: sijapata kuona mwalimu kama yule. Hatukuwa na ramani ya anga wala darubini. Siku ya somo la sayari alichukua boga, akaliweka mlangoni, akasema hilo ndilo jua. Dunia ilikuwa punje ya mtama, akampa msichana mmoja akasimame nayo chini ya mlingoti wa bendera. Zebaki, Zuhura na Mirihi zilikuwa punje vile vile. Mshtarii ilikuwa limau, ikapelekwa hadi nyuma ya choo cha walimu, na Zohali ikavuka barabara. Mwenzetu aliyepewa sayari ya mwisho aliambiwa atembee mpaka aambiwe basi, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alirudi kipindi cha hesabu, mwalimu wa hesabu akamchapa kwa kuchelewa.

Alitusimulia pia habari za wachunguzi wa kale. Alituambia juu ya Wababeli walioandika safari za Zuhura kwenye vigae vya udongo, na Mpolandi mmoja aliyeitoa Dunia katikati akaliweka jua. Kisha akamtaja Mwitaliano aliyeelekeza darubini kwa Mshtarii akakuta miezi minne ikiizunguka. Mzee huyo alipigishwa magoti na wakubwa wa kanisa lake, akakana mambo aliyoyaona kwa macho yake. Hapo Mwalimu Kaijage alipiga meza kwa ngumi mpaka chaki ikaanguka.

"Mtu anajua ukweli, halafu anapigishwa magoti," alisema. "Ninyi msikubali."

Mimi nilimwamini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilidhani mtu anayepiga meza namna ile atasimama popote.

Kila asubuhi nilimpelekea kibuyu cha maziwa kutoka kwa Bibi. Hakuwa na ng'ombe, na mshahara wake ulikuja unapotaka. Siku moja alichukua kibofu cha ng'ombe, akakitia madoa ya mkaa, akakipuliza mbele yetu, tukaona kila doa linavyoliacha jingine. Ndivyo ulimwengu unavyotanuka, alisema. Ulianza ukiwa kitu kidogo kuliko punje, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa padri wa Ubelgiji, aliyesoma misa na kupiga hesabu za mbingu. Nilipomsimulia Bibi, alifikiri kidogo halafu akaniambia nikamwulize mwalimu wangu ni nani aliyekuwa akipuliza. Mwalimu alicheka sana. Jumamosi ile alikuja mwenyewe nyumbani, akaketi kwenye kigoda karibu na zizi, akaonyeshwa nguzo mbili za Kilimia. Alimwambia Bibi kwamba watu wa pwani nao wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.

"Kumbe na wao wana akili," Bibi alisema.

Alikuja mara nyingi baada ya hapo. Alimwamkia shikamoo kwa kuinama, akanywa maziwa, akauliza maswali. Nayasema haya ili mtu asije kudhani hakumjua.

Mwezi wa tatu alituambia habari aliyoisikia redioni. Nyota yenye mkia ilikuwa inakuja. Wenzetu wa kaskazini walikuwa wameshaanza kuiona, na sisi tutaiona mwezi wa nne, jua likishazama, upande wa ziwani. Alisema ni donge la barafu na vumbi linalolizunguka jua, na mkia wake ni mvuke na vumbi linalong'azwa na jua. Haina ugomvi na mtu. Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwa na jambo la angani ambalo Bibi hakulijua, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

Bibi hakushangaa kama nilivyotaka. Aliniuliza upande gani hasa, ziwani kwenye visiwa au ziwani kuelekea jua linakozama. Aliniuliza itakaa siku ngapi. Kisha akaniambia kwamba mama yake aliwahi kuiona moja akiwa msichana, wakati wa Mjerumani. Watu walichinja ng'ombe wakamlilia mtemi kabla hajafa.

"Akafa?" niliuliza.

"Hakufa. Alizeeka mpaka akalishwa uji."

Mwaka uliotangulia meli ilikuwa imezama ziwani, na hapakuwa na ukoo kwetu usiomjua mtu aliyepotea. Mwaka wenyewe mvua zilikuwa zimekatika, mahindi yamekauka yakiwa na urefu wa goti. Bibi aliona kwamba nyota yenye mkia ikitokea ghafla juu ya ziwa lile lile, watu watapatwa na wazimu. Kwa hiyo alikwenda kisimani akawaambia wanawake. Itakuja, msiogope, itapita. Aliwaambia na upande. Aliwaambia na mwezi. Hakusema amesikia wapi. Kwa miaka arobaini watu walikuwa wakipokea maneno ya angani kutoka kwake bila kumwuliza, naye hakuona sababu ya kuanza siku ile.

Ilikuja kama ilivyosemwa. Jua lilizama, weupe wa jioni ukafifia, na pale chini upande wa ziwani ikasimama, kichwa kinang'aa na mkia umechanuliwa juu kama ufagio. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile. Bibi aliketi mlangoni kila jioni akiitazama, ameinua ngumi yake mbele ya jicho akiipima imepanda ngumi ngapi kutoka ardhini. Majirani walikuja kutazama pamoja naye, wakamsifu. Baba Shija, jirani yetu wa upande wa chini, alisema kijiji kina bahati kuwa na mtu kama Mayo Kabula; mayo kwetu ni mama. Nakumbuka alivyosema. Nakumbuka na kigoda alichokalia.

Wiki mbili baadaye mtoto wa Baba Shija alishikwa na degedege akafa. Alikuwa na miaka mitatu. Mama yake alilia siku mbili, na siku ya tatu Baba Shija na ndugu yake walikwenda kwa mganga upande wa Usagara. Sitaki kumcheka mtu aliyefiwa. Lakini waliporudi walirudi na swali, na swali lile ndilo lililotumaliza: aliyejua itakuja, alijuaje?

Mtu aliyezaliwa kwingine atasema hilo ni swali zuri. Ndilo wanalouliza hata hao wataalamu wenyewe. Lakini kwetu swali hilo linakuja na jibu lake. Mvua anaijua anayeifunga. Ng'ombe aliyepotea anamjua aliyemficha. Mgeni anayekuja bila kutangaza, siku yake anaijua yule aliyemwita tu. Watu wale wale waliopanda kwa neno la Bibi tangu wakiwa watoto, sasa waligeuza ujuzi wake wakauona ni ushahidi. Na macho yake mekundu yalikuwa pale, kila mtu akayakumbuka kwa mara ya kwanza.

Sungusungu wa kijiji walitangaza baraza siku ya Jumapili mchana. Jumamosi nilikwenda kwa Mwalimu Kaijage na kibuyu cha maziwa kama kawaida. Nililia mlangoni kwake. Nilimwambia, "Mwalimu, waambie ni wewe uliyetuambia."

"Nitasema," alinijibu. "Futa machozi. Mimi ni mtumishi wa serikali, wataniamini. Mwambie Bibi asiwe na wasiwasi."

Akachukua maziwa.

Nilimwambia Bibi. Usiku ule alilala mapema, na mimi nikalala vizuri.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Ghala lilikuwa tupu tangu ushirika uache kununua, na wafanyabiashara waliokuja na mizani zao walinunulia barabarani wakaondoka. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, watoto nyuma. Bibi aliketi chini peke yake, katikati. Mwalimu Kaijage alikuwa kwenye benchi la mbele pamoja na walimu wenzake, shati jeupe, miguu amekunja. Nilimwona nikashusha pumzi.

Kamanda wa sungusungu alikuwa mtu mwenye adabu. Hakupiga kelele. Alimwita Bibi mayo, akamwuliza kama ni kweli aliwaambia wanawake kisimani kwamba nyota yenye mkia itakuja, mwezi fulani, upande fulani.

"Ni kweli," Bibi alisema.

"Kabla haijaonekana?"

"Kabla."

"Nani alikuambia?"

Bibi aliinua uso akamtazama Mwalimu Kaijage. Hakumnyooshea kidole wala kidevu. Alimtazama tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kiatu waondoke. Watu wengi hawakuona. Mimi niliona, na yeye aliona. Mwalimu Kaijage alitazama mikono yake. Alikuwa na chaki kwenye kucha, akaanza kuitoa kidogo kidogo, kucha moja baada ya nyingine, mpaka akamaliza mkono mmoja akahamia wa pili.

Nilisimama. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari.

"Minza," Bibi alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nenda kafunge ndama. Watoto hawakai barazani."

Kila mtu aligeuka akanitazama. Nikaenda. Nilikuwa mtoto wa Kisukuma aliyelelewa, na mkubwa akisema nenda, miguu huenda yenyewe. Nilipofika nyuma ya ua wa minyaa unaopakana na uwanja nilisimama, na mengine niliyasikia nikiwa pale.

"Nani alikuambia?" kamanda alirudia.

"Hakuna. Niliona mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa macho yangu."

Wanawake waliguna wote kwa pamoja. Sijasahau ile sauti. Ningeweza kuiiga hata sasa, lakini sitaki.

Nilipofika nyumbani nilikuta ndama wameshafungwa, wote watatu, kwa fundo la Bibi. Alikuwa amewafunga kabla hajakwenda. Sikuelewa. Nilikaa chini kati yao nikalia kwa sababu hapakuwa na kazi ya kufanya.

Walimtenga. Kwa asiyejua kutengwa ni nini, nieleze. Hakuna anayekugusa. Lakini hakuna anayekuamkia, wala anayeitikia ukiamkia. Ukifika kisimani wanawake wanatua ndoo wanaondoka, wanakuacha uchote peke yako. Moto ukikuzimikia huombi kaa kwa jirani. Anayekusemesha anatozwa mbuzi. Asubuhi Bibi alipita njiani akisema ng'wangaluka, kama alivyosema maisha yake yote, na watu wakageuzia nyuso zao kwenye minyaa. Baada ya wiki akaacha. Jioni moja nilimsikia akimwamkia ng'ombe.

Na mwisho wa mwezi wa tano nyota ilififia, kama mwalimu alivyosema itafifia. Ilikuwa inaliacha jua, basi. Kijiji kikashangilia. Baba Shija alisema wazi kwamba tangu mchawi atengwe, nyota yake imekimbia. Walikuwa na hakika kabisa. Nikiwaza hilo hata leo meno yangu yanauma, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja pale kijijini mwenye kipande cha chaki ambaye angeweza kuwachorea njia ya nyota ile ardhini kwa dakika tano.

Aliendelea kutufundisha. Maziwa sikumpelekea tena, na hakuuliza. Alipopita karibu na dawati langu alitazama dirishani. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka kulikuwa na swali: Nyota yenye mkia ni nini? Nilijua jibu kuliko mwanafunzi yeyote wa mkoa mzima. Niliandika, "Muulize aliyetuambia." Alinipa sifuri, na hakuniita kunichapa. Katika shule ile, mwalimu kutokumchapa mtoto aliyeandika upuuzi kwenye mtihani ilikuwa sawa na kupiga magoti. Haikumsaidia Bibi.

Kabla ya mtihani huo, mwezi wa kumi na moja, mvua zilipojikusanya, Bibi alisimama tena nyuma ya zizi jioni. Hakuna aliyekuja kumwuliza. Nilimshika kanga.

"Bibi, usipande. Kaa ndani mwezi mzima. Waache wafe njaa."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakula majani."

Alicheka, kicheko cha kwanza tangu baraza. Siku ya tatu akasema, "Kesho jembe," akiniambia mimi peke yangu. Alfajiri tulishika njia ya shamba. Nilipogeuka niliwaona. Baba Shija alikuwa amesimama kwenye ua wake, nusu ya uso nje, anatutazama. Upande wa juu, kwenye nyumba nyingine, mwingine. Walikuwa wakiamka mapema kila siku kuona kama mchawi ametoa jembe. Kesho yake kijiji kizima kilipanda, bila hata mmoja kumwambia ng'wangaluka. Mvua za mwaka ule zilinyesha mpaka madaraja yakaondoka. Waliowahi kupanda walipata. Krismasi ilipokaribia, sungusungu walitangaza kwamba Mayo Kabula anaweza kuamkiwa. Hawakusema wamekosea. Walisema amesamehewa.

Nilirudi Mwanza nilipomaliza darasa la saba. Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya kazi mjini, nilikwenda gatini kupokea mzigo uliotoka Nansio, nikamkuta Mwalimu Kaijage kwenye foleni. Alikuwa amezeeka, shati limepigwa pasi. Mdomo wangu ulisema shikamoo kabla sijauzuia, na bado nauchukia kwa hilo.

"Marahaba, Minza. Bibi yako hajambo? Yule mama alikuwa na akili kuliko maprofesa wengi."

"Ungesema hivyo siku ile, Mwalimu."

Alisogea hatua moja kwenye foleni. Halafu akasema alikuwa mgeni pale, wangesema Mhaya amekuja kuwafundisha watoto uchawi. Alikuwa na watoto watatu. Uhamisho wake ulikuwa mezani. Yote yalikuwa kweli, na nilimsikiliza mpaka mwisho, na kila alichokisema kilinizidishia hasira, kwa sababu Bibi naye alikuwa na utetezi wake na hakuutoa.

Jumamosi hiyo nilipanda gari kwenda kijijini. Bibi alikuwa akibangua karanga, macho sasa hayaoni vizuri. Nilimmwagia yote niliyoyabeba. Nilimwambia ungemtaja. Ungesema tu Mwalimu Kaijage ndiye aliyewaambia watoto, na mjukuu wangu akaniambia mimi. Nilikuwa nataka anisaidie kumchukia.

"Mke mwenzangu," alisema, "ningesema hivyo wangekuita wewe katikati. Wangekuuliza umeyapata wapi. Ungesema kwa mwalimu. Mwalimu angekana."

"Ulijuaje angekana? Alikuwa ameahidi."

"Nilimtazama tangu anakaa. Hakukaa kama mtu atakayesimama." Akabangua karanga nyingine. "Basi ungebaki wewe na neno lako. Mtoto anayejua mambo kabla hayajaja, anakaa kwa bibi mwenye macho mekundu. Wangesema nimekurithisha. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka michache ya kutengwa. Wewe ulikuwa na yote."

Nilikuwa nimemwona kwa miaka yote ile kama mzee aliyeonewa kwa sababu hakujua kujitetea. Kumbe alikuwa amefika barazani akiwa ameshapima kila mtu pale, na alipomtazama mwalimu alikuwa akimpa nafasi ya mwisho tu, bila kuitegemea. Mtu mmoja alijua akanyamaza ili apone yeye. Mwingine alijua akanyamaza ili nipone mimi. Mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimewaweka kundi moja, wote wawili watu walionyamaza, na nusu ya hasira yangu nilikuwa nimeielekeza kwake.

Alikufa mwaka uliofuata, usingizini. Kijiji kizima kilikuja mazishini. Wanawake waliotua ndoo kisimani walilia kwa sauti, na Baba Shija, mzee sasa, alisimama akaeleza jinsi Mayo Kabula alivyowalisha watu kwa kuijua mvua. Walipomaliza kuzika walipanga mstari kunipa pole, kama ilivyo desturi, mmoja mmoja, mkono umenyooshwa. Ng'wadila, mayo, waliniamkia kwa salamu yetu ya mchana. Pole, mwanangu. Nilisimama mbele yao nikawatazama machoni, mstari mzima, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Sikumwitikia hata mmoja.

Shangazi alisema nimeuaibisha ukoo. Nilimwambia ni siku moja tu. Bibi walimtenga miezi saba.